Uhusiano na Umma kwa Mwenye Biashara Ndogo: Namna ya Kuifanya Kazi Hiyo Mwenyewe

Mashirika makubwa huajiri afisa uhusiano, humpa ofisi, gari na bajeti, na bado mara nyingi habari zao huishia kwenye kurasa za ndani, zikiwa na picha ya viongozi waliosimama mstari mmoja wakiwa wameshika hundi ya mfano. Mwenye biashara ndogo hana afisa wala bajeti ya namna hiyo. Ana, hata hivyo, vitu viwili ambavyo afisa huyo hana: anaijua kazi yake kwa sababu huifanya kwa mikono yake, na simu yake ikiita huipokea na kujibu bila kusubiri kibali cha mkurugenzi. Mwandishi wa habari anayekimbizana na muda anavihitaji vitu hivyo viwili kuliko anavyohitaji chai ya hotelini na kalamu yenye nembo ya kampuni.

Kabla ya yote, ni lazima kutofautisha tangazo na habari, kwa sababu wajasiriamali wengi hukwama hapo. Tangazo ni nafasi uliyoinunua. Ukishalipa unasema unachotaka, ilimradi huvunji sheria. Habari haiuzwi. Mhariri huichagua kwa sababu anaamini msomaji au msikilizaji wake atafaidika nayo, na biashara yako inaingia humo kama mfano, kama shahidi au kama mtu anayelijua jambo. Anayeingia chumba cha habari akidai aandikwe kwa kuwa bidhaa zake ni bora hurudishwa idara ya matangazo, na kwa haki kabisa.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue biashara moja na kwenda nayo hadi mwisho. Tuseme una kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Kiomboi, wilayani Iramba, mkoani Singida: mashine moja ya kukamua, chujio, mapipa ya kutuamisha mafuta, vijana wachache, na duka la mbele unakouza mafuta kwa lita na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, kwa wafugaji. Viwanda vya namna hii vipo vingi katika mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu, na ukivisimamisha pamoja utaona vyote vinajisifu kwa maneno yaleyale. Kazi yako ni kuwa na la kusema ambalo jirani yako halisemi.

Habari iko wapi ndani ya biashara yako?

Haimo kwenye ubora wa bidhaa, kwa kuwa kila muuzaji hudai ubora. Itafute mahali ambapo biashara yako inagusana na jambo linalowasumbua watu wengi. Kwa mkamuaji wa alizeti mambo hayo hayana idadi: bei ya mafuta ya kula, mafuta yanayoagizwa kutoka nje, aina ya mbegu iitwayo Record ambayo wakulima wengi bado wanaipanda ikilinganishwa na mbegu chotara zenye mafuta mengi zaidi, umeme unaokatika katikati ya msimu, bei ya mashudu inayopanda wakati wa kiangazi mfugaji akiwa hana majani. Na lipo la lumbesa.

Lumbesa inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi habari inavyopatikana. Mnunuzi hujaza gunia hadi mdomoni, kisha huongeza kichuguu juu yake na kukishonea kwa kamba, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umepiga vita desturi hiyo kwa miaka mingi, na kila msimu waandishi huandika juu yake, lakini habari hizo aghalabu huwa za namna moja: kiongozi amekemea, mkulima amelalamika, mnunuzi amekimbia. Sasa, ukiamua kununua alizeti kwa kilo tu, mkulima akisoma mwenyewe mizani iliyohakikiwa, umekuwa na kitu ambacho mwandishi hajakipata, yaani mnunuzi aliyeacha lumbesa na yuko tayari kueleza hesabu zake hadharani. Habari ni lumbesa. Kiwanda chako ni mahali inapoonekana. Msomaji atakumbuka jina la kiwanda bila wewe kulitaja mara saba.

Chukua daftari, uandike majibu ya maswali kama haya: ni jambo gani tunalifanya tofauti na wenzetu, na kwa nini, ni kitu gani kimebadilika msimu huu kulinganisha na uliopita, wateja wanauliza nini kila wiki, ni uongo gani unaosemwa kuhusu bidhaa yetu mitaani. Swali la mwisho huzaa habari nyingi kuliko yote. Weka pia tarakimu ambazo huwezi kukosea ukiulizwa usingizini: gunia moja linatoa lita ngapi kwenye mashine yako, ulinunua mbegu kwa bei gani mwaka jana na leo, mashudu unauza kiasi gani kwa kilo. Mwandishi akikupigia na ukampa tarakimu hizo kwa dakika mbili, ukamwambia na namna ulivyozipata, atalihifadhi jina lako kwenye simu yake. Kuanzia hapo, kila mara bei ya mafuta ya kula itakapotikisika utakuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuulizwa, na kuulizwa huko ndiko kunakojenga jina kuliko makala moja ya sifa.

Wajue waandishi kabla ya kuwahitaji

Watu huota kutokea kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, wakasahau kwamba mtu atakayewafikisha huko anaishi mtaa wa pili. Magazeti na vituo vikubwa vya Tanzania hutegemea sana waandishi wa mikoani, na wengi wa waandishi hao hawana ajira ya kudumu, hulipwa kwa kila habari iliyotumika. Maana yake kwako ni kwamba muda wa mwandishi huyo ni fedha yake. Ukimwita aje kuona jambo ambalo haliwezi kutoka, umemtia hasara. Ukimpa habari iliyokamilika, yenye watu, tarakimu na picha, umemrahisishia siku. Katika kila mkoa waandishi wana klabu yao, na klabu hizo zimeunganishwa na Umoja wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania. Nenda ofisini kwao, jitambulishe kwa dakika tano, acha namba yako na maelezo mafupi ya unachokijua, kisha uondoke. Usiwaombe kitu siku hiyo.

Kuhusu kuchagua chombo, ushauri wangu ni kuanza chini. Redio ya wilaya au ya mkoa ina njaa ya watu wa kueleza mambo ya hapohapo. Redio za jamii kama Pangani FM, Sengerema FM na Orkonerei FM zilianzishwa kwa kusudi hilo. Msikilizaji wa redio yako ya karibu anaweza kuja dukani kesho, ilhali msomaji wa gazeti la taifa aliye Mtwara hatasafiri hadi Iramba kununua lita tano. Vyombo vikubwa, kuanzia TBC Taifa, Radio One na Radio Free Africa hadi magazeti ya Mwananchi, Nipashe na HabariLeo, vina thamani yake: hukupa heshima mbele ya benki, mnunuzi wa jumla na halmashauri. Ukiwa Kenya hesabu ni ileile, isipokuwa majina yatakuwa Taifa Leo, Radio Citizen na vituo vya kaunti yako.

Sikiliza na usome kabla ya kubisha hodi. Jua kipindi gani kinazungumzia kilimo au biashara, nani anakiendesha, kinarushwa siku gani. Kumtumia mtangazaji wa michezo taarifa ya mafuta ya alizeti ni kumwambia kwamba hujawahi kumsikiliza.

Kuiandika taarifa

Taarifa kwa vyombo vya habari ni ukurasa mmoja. Utaratibu wake ni wa zamani: kwa kawaida Mmarekani Ivy Lee hutajwa kuwa ndiye aliyetoa ya kwanza, Oktoba 1906, treni ilipotumbukia majini Atlantic City, akaona ni heri kampuni ya reli ieleze yenyewe kilichotokea kabla uvumi haujaeleza. Tangu hapo umbo lake halijabadilika sana. Jambo kubwa hutangulia, maelezo hufuata, na historia ya kampuni hukaa mwisho ambako mhariri anaweza kuikata bila kuharibu chochote.

Sentensi ya kwanza ndiyo inayoamua. Tazama hii, ambayo mfano wake hufika kwenye vyumba vya habari kila siku: “Kampuni yetu inayoongoza kwa ubora ina furaha kubwa kuwatangazia wateja wake wapendwa kwamba imeboresha huduma zake kwa kuzingatia weledi na viwango vya kimataifa.” Hakuna mtu ndani yake, hakuna mahali, hakuna tendo. Ukibadilisha alizeti ukaweka saruji, haitadhurika. Sasa tazama hii: “Wakulima wa alizeti wanaouza mbegu katika kiwanda kidogo cha kukamua mafuta kilichopo Kiomboi, wilayani Iramba, wameanza kulipwa kwa kilo baada ya mzigo kupimwa mbele yao, badala ya kuuza kwa lumbesa kama ilivyozoeleka.” Nani, wapi, nini na tofauti yake na zamani, vyote vimo, na mhariri anaweza kuichapa kama ilivyo.

Aya ya pili ieleze kwa nini umefanya hivyo na gharama yake kwako, kwa kuwa mwandishi mzuri atauliza mnunuzi anapata faida gani kwa kuacha ujanja unaomnufaisha. Uwe na jibu la kweli: labda mkulima anayekuamini hukuletea mzigo wake wote, na mbegu zake hazina mawe. Aya ya tatu iwe na kauli yako, iliyoandikwa jinsi unavyozungumza. “Mkulima anasoma namba mwenyewe kwenye mizani, anaandikiwa stakabadhi, anaondoka na hela yake” ni kauli ya mtu. “Tunafarijika kuona wadau wetu wakinufaika na mageuzi haya” ni kauli ya hotuba, na ndiyo ya kwanza kukatwa. Weka sauti ya mtu mwingine asiye wewe, hasa mkulima, ikiwezekana yule aliyekuwa na shaka hapo mwanzo. Halafu tarehe, jina lako kamili na namba ya simu inayopatikana. Ukitoa namba ambayo hupokea mpwa wako, mwambie mpwa huyo habari hii inahusu nini.

Chunga madai yako. Huwezi kuandika kwamba bidhaa yako ina alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ikiwa maombi bado yanashughulikiwa. Usajili na usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ulihamishiwa katika shirika hilo mwaka 2019, hivyo mwandishi akitaka kuhakikisha anajua pa kuuliza. Usidai bidhaa inatibu. Na kuna madai ambayo ni ya kweli lakini yanachekesha: chupa nyingi za alizeti hujisifu kwamba mafuta yake hayana lehemu (kolesteroli), ilhali hakuna mafuta yatokanayo na mmea yenye lehemu ya kutajika. Kujisifia sifa ambayo mafuta yote ya mimea yanayo hakukutofautishi na yeyote.

Picha zipige kwa simu, mchana, mtu akiwa kazini: mkono wa mkulima ukielekeza namba ya mizani, mafuta yakichuruzika kutoka kwenye mashine, magunia yaliyofungwa bila kichuguu. Picha ya nne iwe yako, lakini usimame mbele ya kazi na si mbele ya bango. Zitume kwa ukubwa wake halisi kama faili au kwa barua pepe, kwa kuwa WhatsApp huzibana zikapoteza ubora wa kuchapika. Watu walio pichani waombwe ridhaa na waambiwe zinakwenda wapi. Pamoja na kuwa ni adabu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, inagusa hata mfanyabiashara anayekusanya majina na namba za wateja wake.

Kutuma, kupiga simu, kufuatilia

Magazeti ya kila siku hupanga kazi asubuhi na hufunga kurasa jioni. Habari iliyotumwa saa moja usiku, hata iwe nzuri kiasi gani, imechelewa basi. Tuma asubuhi, mapema katika wiki, kwa mtu mmoja mwenye jina, na utangulize ujumbe mfupi wa simu ambao anaweza kuusoma akiwa kwenye bodaboda. Kwa mfano:

“Habari za asubuhi, kaka. Naitwa fulani, nakamua alizeti hapa Kiomboi. Kuanzia Jumatatu tunanunua mbegu kwa kilo tu, mkulima akishuhudia mizani, lumbesa hatupokei. Wapo wakulima watatu walio tayari kuzungumza, na mmoja wao alikuwa anapinga. Mizani imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, stika yake utaiona. Mashine zinafanya kazi hadi saa nane mchana, karibu siku yoyote. Taarifa kamili na picha nne nimekutumia kwenye barua pepe.”

Ujumbe huo umetaja habari, watu, uthibitisho na muda wa kupata picha, wala haukuomba upendeleo. Asipojibu, subiri siku mbili umpigie mara moja, uulize kama kuna kitu kimepungua. Asipoitaka, mshukuru, mpelekee mwingine. Usimuulize kila siku “itatoka lini?” kwa sababu mara nyingi naye hajui, uamuzi uko kwa mhariri aliye Dar es Salaam, ambaye huenda siku hiyo ana mafuriko na Bunge mezani. Wala usiombe kuisoma habari kabla haijachapwa. Unachoweza kuomba, na waandishi makini hukubali, ni kusomewa tarakimu zako ili kuhakikisha zimeandikwa sawasawa.

Suala la bahasha, yaani fedha anayopewa mwandishi ili habari itoke, halikwepeki. Wapo watakaotarajia nauli, na wapo wafanyabiashara wanaoamini kwamba bila bahasha hakuna kinachotoka. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania, chombo kilichoanzishwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, zinamkataza mwandishi kupokea hongo. Naijua hoja ya upande wa pili, kwamba mwandishi asiyelipwa vizuri amesafiri kwa gharama zake, na hoja hiyo ina uzito wa kibinadamu. Hata hivyo, kwa mtazamo wa biashara tu, habari iliyolipiwa kwa siri ni mali mbovu: msomaji huinusa, mwandishi hukuweka katika orodha ya watoaji badala ya orodha ya wajuzi, na siku mambo yakiharibika ukimya nao utakuwa na bei. Njia safi ni kupunguza gharama yake bila kumpa fedha: mpe kila kitu kwa simu, mtumie sauti za wakulima zilizorekodiwa vizuri, mkutane sokoni ambako angekwenda hata hivyo. Ukiwa na fedha za kutumia, nunua tangazo lijulikane kuwa ni tangazo.

Ukialikwa studio

Redio ni rahisi kwa anayejiandaa na ni ngumu kwa anayejiamini kupita kiasi. Andika mambo matatu unayotaka msikilizaji ayakumbuke, kwenye kikaratasi, na si zaidi ya matatu. Fika nusu saa kabla, zima simu, muulize mtangazaji wataanza na swali gani. Zungumza na mtu mmoja unayemfikiria, mathalani mama anayekaanga maandazi huku redio ikiwa dirishani, kwa sababu ukizungumza na “wananchi” utaanza kuhutubia. Taja bei kwa tarakimu, kipimo na mahali. Swali gumu likija, kama lile la kwa nini mafuta yenu ni ghali kuliko ya kutoka nje, lijibu moja kwa moja kwa hesabu ya gunia na umeme. Ukilizunguka, wapigaji simu watakurudisha hapohapo. Usichokijua sema hukijui, na uahidi kulituma jibu kwa mtangazaji, kisha ulitume kweli.

Kalenda ya kukusaidia

Habari hupata nafasi zaidi inapokutana na jambo ambalo vyombo vya habari vimekwisha kulipangia muda. Bajeti ya Serikali husomwa Juni, na ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje ni suala linalorudi humo mara kwa mara, kwa hiyo mkamuaji aliyejitambulisha Mei ataulizwa Juni. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba na ya kilimo ya Nanenane huleta waandishi wengi mahali pamoja, ila ushindani wa mabanda ni mkubwa mno kiasi kwamba ni afadhali kuonana nao wiki moja kabla. Ramadhani huja na habari za bei za vyakula. Tarehe 14 Oktoba ni Siku ya Viwango Duniani na tarehe 16 ni Siku ya Chakula Duniani. Mfinyanzi, fundi cherehani au mwenye shule ya awali atakuwa na tarehe zake. Sare za shule, kwa mfano, ni habari ya Desemba na Januari. Hakuna anayezitafuta Agosti.

Kurasa zako za mtandaoni zina kazi moja katika utaratibu huu: mwandishi au mteja aliyesikia jina lako akilitafuta, akute jina lilelile, namba ileile, mahali panapoonekana kwenye ramani ya Google, na picha za kazi za karibuni. Ukurasa uliokaa miaka miwili bila kitu ni heri uufute. Zaidi ya hapo, jibu maswali ya watu hadharani, maana jibu moja husomwa na wengi waliokuwa na swali hilo bila kuliuliza.

Siku mambo yanapoharibika

Tuseme asubuhi moja unaamka na kukuta video inasambaa kwenye vikundi vya WhatsApp vya mji mzima: kikaango kiko motoni, povu limejaa hadi linamwagika, chupa yenye nembo yako imewekwa kando, na sauti ya mama inasema kwamba mafuta haya yamechanganywa na sabuni. Utakayoyafanya hadi jioni yatakaa midomoni mwa watu kuliko habari zote nzuri za mwaka.

Kwanza tafuta ukweli, kwa haraka. Zungumza na aliyerekodi, kwa heshima, umuulize alinunua wapi na lini, uione chupa na namba ya bechi, yaani mkupuo wa mafuta yaliyokamuliwa pamoja. Kukaanga mafuta ya bechi hiyo mwenyewe huchukua dakika kumi. Mkamuaji yeyote anajua kwamba mafuta ambayo hayakuachwa yakatuama muda wa kutosha na kuchujwa vizuri hubaki na maji na utomvu wa mbegu, na vitu hivyo ndivyo hutoa povu yakipata moto. Lakini usiseme hivyo hadharani kabla hujathibitisha kuwa ndicho kilichotokea. Inawezekana pia chupa ni yako na mafuta si yako, kwa sababu chupa tupu huokotwa na kujazwa tena.

Pili, toa kauli siku hiyohiyo, fupi, kwa maandishi na kwa sauti yako mwenyewe, kwa kuwa uvumi unaosafiri kwa sauti haujibiwi kwa barua yenye kichwa cha kampuni peke yake. Ikiwa kosa ni lako, kauli inaweza kuwa hivi: “Video inayoonyesha mafuta yetu yakitoa povu ni ya kweli, na mafuta ni yetu, ya bechi ya wiki iliyopita. Hayakutuama muda wa kutosha kabla ya kuwekwa kwenye chupa. Hayana sabuni, na tumepeleka sampuli ikapimwe. Majibu tutayatangaza hapahapa. Tumeacha kuuza bechi hiyo tangu asubuhi. Aliyenunua arudishe chupa dukani, hata ikiwa imekwisha kutumika, atarudishiwa fedha yake. Tunamwomba radhi mama aliyerekodi na kila aliyepata usumbufu.” Kila sentensi hapo inajibu swali ambalo mtu anauliza. Neno “endapo” halimo. Kumwomba radhi mtu “endapo alikwazika” ni kumwambia kwamba huamini kuwa alikwazika.

Tatu, wapigie waandishi unaowafahamu kabla hawajakupigia, uwape kauli hiyohiyo na uwakaribishe kiwandani. Hapo ndipo zile dakika tano za kujitambulisha klabuni zinapolipa. Usifute maoni ya watu, usimtishe mama wa watu kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na usiwaelekeze vijana wako kumtukana. Sheria ipo, na kwa uzushi wa makusudi unaoendelea baada ya ukweli kuwekwa wazi unaweza kuitumia, lakini anayeanza nayo huigeuza habari ya povu kuwa habari ya tajiri anayemnyanyasa mteja. Majibu ya maabara yakija, yatangaze hata kama watu wamekwisha kusahau.

Habari ikitoka

Isome au uisikilize mwenyewe, usitegemee kusimuliwa. Ikiwa sahihi, mshukuru mwandishi kwa ujumbe mfupi, bila zawadi. Ikiwa na kosa dogo lisilomdhuru mtu, kama jina la kijiji jirani, mwambie kwa upole ili lisirudiwe. Ikiwa kosa ni kubwa, mathalani bei iliyozidishwa au kauli ambayo hukuitoa, mpigie yeye kwanza, kisha mhariri wake kwa maandishi, ukitaja tarehe, ukurasa au kipindi, maneno yaliyokosewa na maneno yanayotakiwa kuwekwa mahali pake. Barua ya mistari sita hutosha. Barua ya kurasa tatu inayoanza na historia ya familia yako haitasomwa. Chombo kikikataa, Baraza la Habari hupokea malalamiko na kusuluhisha.

Kisha pima. Kwenye daftari la mauzo ongeza safu moja, na kila mteja mpya au mkulima anayeleta mzigo kwa mara ya kwanza aulizwe alisikia wapi habari za kiwanda: redio, gazeti, jirani, video, au alipita tu njiani. Msimu ukiisha, jumlisha safu hiyo kabla ya kuamua mwakani utampigia nani simu na ni kipindi gani huna haja ya kukirudia.